Tovuti ya Taifa ya Utalii: Mgeni Anataka Kujua Nini?



Picha za simba tunazo za kutosha. Mtu anayefungua tovuti ya utalii ya Tanzania ameshaiona Serengeti kwenye simu yake mara nyingi. Anachotafuta ni jibu: likizo yangu ni Februari, nyumbu nitawakuta wapi?

Jibu lipo. Kati ya Januari na Machi nyumbu huwa kusini, kwenye nyasi fupi za Ndutu, wakizaa. Mto Mara huuvuka kuanzia Julai hadi Oktoba hivi, kaskazini kabisa. Tukimwekea picha ya mamba na nyumbu mtoni bila kutaja mwezi, atakuja Februari, alipie gari hadi Kogatende, kando ya mto huo, akute maji matupu. Ndiyo maana napendekeza ukurasa wa mwanzo uwe kalenda badala ya orodha ya hifadhi. Achague mwezi, aone kilichopo: papa potwe wa Kisiwa cha Mafia kuanzia Oktoba hadi Machi, maua ya Hifadhi ya Kitulo wakati wa mvua. Akichagua Aprili, aambiwe ni masika, baadhi ya njia za hifadhini hazipitiki na kambi kadhaa zimefungwa, ila bei zimeshuka. Wapo wanaoona kutaja matope ni kujiharibia soko. Mimi namhofia zaidi mgeni aliyenasa topeni bila kuonywa.

La pili ni gharama, na hapa ndipo tunapowachanganya watu. Mgeni hajui kwamba Serengeti iko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) na Ngorongoro ina mamlaka yake. Anatoka Arusha akidhani anakwenda Serengeti tu. Kumbe barabara inapita ndani ya Ngorongoro, na huko nako analipia. Akiendelea Zanzibar, tangu Oktoba 2024 anatakiwa kuwa na bima maalumu ya huko. Kila taasisi imetangaza lake, mahali pake. Tovuti ya taifa iyakusanye yote: ataje anakotoka, njia yake na siku zake, apate jumla.

Kuhusu mwonekano sina mengi. Video kubwa inayojicheza yenyewe iondolewe, inamaliza bando. Na Kiswahili kisiwe tafsiri ya Kiingereza: familia ya Morogoro inayotaka kwenda Mikumi Jumamosi inahitaji kiingilio cha raia na mahali pa kukodi gari, haihitaji kuelezwa viza.

Limebaki suala la usimamizi. Viingilio vikibadilika Julai Mosi, mwaka wa fedha unapoanza, nani anarekebisha? Kabla ya kutangaza zabuni ya usanifu, kila taasisi iteue ofisa mmoja mwenye mamlaka ya kubadilisha takwimu zake mwenyewe, na kila bei ionyeshe tarehe iliyohakikiwa mara ya mwisho.