Vitabu vya Kujitegemea: Soma, Jaribu, Kisha Panua

Leo hatutasema habari za mbegu wala za dawa. Tutazungumza juu ya vitabu. Maana viko vitabu ambavyo mtu akivisoma jioni, asubuhi anaamka anatafuta jembe. Hilo ni jambo jema. Lakini kitabu hakili njaa. Wewe na watoto wako ndio mtakaokula au kukosa. Basi hebu tuone namna ya kuvisoma.

Mwandishi mmoja wa vitabu hivyo ni John Seymour, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1914 na kufariki mwaka 2004. Pande zetu hizi alizijua. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa katika jeshi la King's African Rifles, lile ambalo babu zetu waliliita Keya. Baadaye yeye na mkewe Sally waliishi kwenye ekari 5 mashariki ya Uingereza, wakalima mboga, wakakamua ng'ombe, wakafuga nguruwe na kuku. Mwaka 1961 akaandika habari za maisha hayo katika The Fat of the Land. Mwaka 1976 kikatoka kitabu chake kikubwa, The Complete Book of Self-Sufficiency. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda sana tangu 1973, na watu wengi wa mijini walikipokea kwa hamu.

Humo Seymour anaeleza shamba la ekari moja. Nusu ni majani ya ng'ombe. Nusu ya pili inagawanywa mafungu manne, na kila mwaka mazao yanahama fungu: palipokuwa na viazi panakuja mazao ya jamii ya maharage, na kadhalika. Samadi inarudi shambani. Lakini sikilizeni vizuri: Seymour mwenyewe anakubali kwamba ekari hiyo haimtoshi ng'ombe, lazima anunuliwe chakula kingine. Kumbe kujitegemea si kukataa kununua kitu chochote. Ni kujua unanunua nini, na kwa nini.

Mwingine ni Masanobu Fukuoka wa kisiwa cha Shikoku, Japani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1975, na mwaka 1978 kikatolewa kwa Kiingereza kwa jina la The One-Straw Revolution. Alilima mpunga bila kutifua ardhi, akirudisha mabua yote shambani. Watu wakasema, ala, kumbe kilimo ni rahisi hivyo! Hapana. Fukuoka anaeleza kwamba hapo mwanzo aliacha kabisa kupogoa miti ya machenza ya baba yake. Matawi yakasongamana, wadudu wakaingia, miti ikafa. Miti ile ilikuwa imezoea kupogolewa. Kuiacha ghafla kulikuwa kuitupa. Mtu anayeruka ukurasa huo atapata hasara ile ile.

Sasa je, sisi tufanye nini?

Kwanza, chukua sababu, usichukue zao. Seymour alilima katika nchi ya baridi. Viazi vyake si lazima viwe vyako. Sababu ya kuhamisha mazao ndiyo yako: kunde na maharage hurutubisha udongo, na mdudu wa zao moja hakuti chakula chake pale pale kila mwaka. Basi mahindi yafuatwe na kunde, kisha viazi vitamu, kisha mboga.

Pili, jaribu padogo. Pima vipande viwili vilivyo jirani, hatua 10 kwa 10 kila kimoja. Panda mbegu ile ile, siku ile ile. Kimoja kitandaze mabua, kingine ukilime kama kawaida yako. Wakati wa mavuno pima kwa debe moja, uandike katika daftari. Fanya hivyo misimu miwili, maana mvua ya mwaka mmoja hudanganya. Shamba linalolisha nyumba usiliguse mpaka daftari liseme.

Tatu, uliza kitu hicho kina kazi gani nyingine. Mabua unayotaka kutandaza huenda ndiyo chakula cha ng'ombe wako kiangazi. Na penye mchwa wengi hayatakaa.

Nne, msisome peke yenu. Wazee wa Tanzania wanakumbuka kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975: watu walikaa kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana. Asiyejua kusoma alijua udongo. Hata leo mwanafunzi anaweza kusoma kwa sauti, na bibi akasema, hili hapa kwetu haliwezekani, lakini lile jaribuni.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kitabu ni mgeni. Mkaribishe, msikilize, umwonyeshe shamba. Lakini funguo za ghala baki nazo wewe.