Tusingoje Kamera Ambayo Hakuna Aliyeiahidi

Masomo: Luka 14:28–30, Kutoka 4:1–5, Luka 12:35–40

Leo tunataka kusema nanyi habari ya kamera. Msishangae. Hata katika jambo hili Bwana ametufundisha, na tena ametukemea.

Kanisani tuna kamera moja, Canon 600D, aina iliyotoka mwaka 2011. Tuliinunua ikiwa imekwisha kutumika. Vijana wetu wa picha walituletea karatasi wakisema: tusitumie pesa tena kwa hii ya zamani, tuchangie ile ijayo, Canon 5D Mark V. Waliandika sifa wanazozitarajia: picha zenye nukta nyingi zaidi, video ya 4K, kuona vizuri gizani, na nafasi ya kadi mbili. Mark IV ilipotoka mwaka 2016 iliuzwa karibu dola 3,500 bila lenzi. Tulijua kwamba hii nyingine haitakuwa ya masikini.

Basi wazee na vijana tuliketi pamoja kama yule mjenzi wa mnara katika Luka 14, ambaye hupiga hesabu kabla ya kuchimba msingi, asije akaishia njiani na kuchekwa. Tukapima sifa moja moja.

Nukta. Yetu ina milioni 18, Mark IV ina milioni 30. Lakini picha safi ya ukubwa wa karatasi ya A4 inahitaji karibu milioni 9 tu. Na picha zetu nyingi zinaishia kwenye simu za ndugu. Hapo hatuna upungufu.

Video ya 4K. Katika Mark IV, kadi ya GB 32 hujaa kwa dakika 8 hivi. Mahubiri ya saa moja yangekula kadi saba au nane, na kompyuta yetu isingeweza kuyafungua. Hiyo ni sifa ya kujivunia, si ya kutumia.

Giza. Hapa vijana wana haki. Ibada ya jioni umeme ukikatika, nyuso zetu hazionekani. Lakini sehemu kubwa ya dawa ni lenzi. Iko lenzi ndogo ya Canon ya milimita 50, iliyotoka mwaka 2015 kwa dola 125 hivi huko Marekani. Inaingiza mwanga zaidi ya mara tisa kuliko ile tuliyopewa na kamera, tukizipima zote mbili kwenye milimita 50. Tena kosa jingine ni letu wenyewe. Kamera hupima mwanga kwa wastani. Ukimpiga mtu mweusi akiwa mbele ya dirisha, inafuata dirisha na kumwacha gizani. Msogeze pembeni, au ongeza mwanga hatua moja au mbili. Hilo halidai hata faranga moja.

Kadi mbili. Hii ni sifa njema kweli, maana kadi moja ikifa, ubatizo wote umepotea. Lakini hata leo tunaweza kunakili picha mahali pawili jioni ile ile, kabla ya kulala.

Kisha tukauliza: huyo Mark V ameahidiwa na nani? Tukakuta ni tetesi tu. Mwishoni mwa mwaka 2021, mkubwa wa kampuni ya Canon alisema kwamba 1D X Mark III, iliyotoka mwaka 2020, ndiyo ya mwisho kati ya kamera zao kubwa za aina hii yenye kioo ndani. Nguvu yao wameihamishia kwenye zile zisizo na kioo. Vijana wetu walikuwa wanangoja mgeni ambaye hakusema anakuja.

Wapendwa, mpaka hapa ni hesabu. Sasa tuseme kosa letu.

Katika kungoja kwetu, tuliacha kupiga picha. Tulisema, ya nini kupiga na kitu kibovu? Miezi ikapita. Mama mmoja wa kwaya, aliyeimba nasi tangu tungali tunasalia chini ya turubali, akalala katika Bwana. Kwenye kilio watoto wake wakatuomba picha moja ya mama akiimba. Hatukuwa nayo. Kamera ilikuwa kabatini, nzima.

Tena sisi watu wa Mulongwe hatukupaswa kufundishwa hilo mara ya pili. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto wetu ulipofurika, watu walikufa, nyumba nyingi zikabomoka, na picha za familia zikaenda na matope. Waliokuja baadaye kuuliza kama kanisa lina sura ya mtu wao, hakuna hata mmoja aliyeuliza ina nukta ngapi.

Musa alikuwa na fimbo ya mchungaji tu, na Mungu akaanzia hapo hapo, kwa kilichokuwa mkononi. Na wale watumishi wa Luka 12 wanangoja kweli, lakini wamevaa nguo za kazi na taa zinawaka. Wanaye bwana wao, naye hakika atarudi. Kungoja penye ahadi kunamwamsha mtu. Kungoja tetesi kunamlaza.

Je, wewe unangoja nini ndipo uanze? Cherehani mpya ndipo uwafundishe mabinti? Gitaa nyingine ndipo uimbe? Kazi nzuri ndipo umrudie mke wako kwa amani?

Sisi tumeamua. Tutachanga kwa ajili ya lenzi ndogo. Sauti tutaichukua kwa kinasa sauti cha redio, kikiwa karibu na mhubiri. Na Jumapili ijayo, baada ya ibada, kila mzee wa miaka 60 na zaidi atapigwa picha mlangoni, penye mwanga mzuri. Waleteni wazazi, hata wale wa kubebwa.

Tuombe. Baba, utusamehe tulichokificha kabatini. Utupe kutumika na kilicho mkononi mpaka Mwanao atakaporudi. Katika jina la Yesu, amina.