Gari Likichemsha

Kovu hili la mkononi nililipata Kitonga, si vitani. Gari lilichemsha mlimani, nami kwa pupa nikafungua kifuniko cha rejeta. Maji yaliyobanwa humo huweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua, hugeuka mvuke papo hapo na kukurukia.

Geji ikipanda, egesha, zima injini, weka jiwe nyuma ya gurudumu (na uliondoe ukiondoka!). Ngoja nusu saa au zaidi, abiria wanung'unike wapendavyo. Rejeta ikipoa, shika kifuniko kwa kitambaa kinene, ukizungushe kidogo kidogo. Usimwage maji baridi injini ikiwa moto. Silinda hedi huweza kupasuka. Kisha tazama mkanda wa feni. Wangu ulikuwa umekatika.