Maambukizi ya Wodini na Haki ya Kudai Fidia

Maelezo yaliyotolewa kwa wananchi wa Mbuchi, Wilaya ya Kibiti



Tunawashukuru kwa kuziacha shughuli zenu za mpunga na uvuvi ili kutusikiliza. Tumekuja kuzungumza juu ya mgonjwa anayelazwa kwa maradhi mamoja, akatoka hospitalini na mengine aliyoyapata humo humo.

Jambo hili si la nadra. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, 15 hupata walau ambukizo moja la hospitalini. Katika nchi tajiri ni 7. Kwa kawaida ambukizo huhesabiwa kuwa la hospitalini iwapo dalili zimeanza saa 48 au zaidi baada ya kulazwa. Kwa kidonda cha upasuaji, huhesabiwa hata dalili zikijitokeza ndani ya siku 30, mgonjwa akiwa amekwisha kurudi nyumbani.

Hata hivyo, kuambukizwa peke yake hakumpi mtu fidia. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili walibadilishana upasuaji: wa goti akapasuliwa kichwa, na wa kichwa akapasuliwa goti. Kosa la namna hiyo hujieleza lenyewe. Maambukizi hayajielezi. Vimelea huweza kutoka katika mikono isiyooshwa au kifaa kisichotakaswa, lakini pia katika ngozi ya mgonjwa mwenyewe. Kwa hiyo mdai hana budi kuthibitisha kwamba hospitali ilikuwa na wajibu wa kumtunza, kwamba iliukiuka wajibu huo, na kwamba ukiukaji huo ndio uliomletea madhara. La kwanza si gumu. Madai mengi hukwama katika mawili yanayofuata, kwa kukosa ushahidi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Dalili zikionekana, fanyeni haya:

Kwanza, mgonjwa arudi kutibiwa mara moja. Afya hutangulia dai, na kumbukumbu ya kurudi kwake ni ushahidi. Aulize kama usaha unaweza kupimwa maabara ili kimelea kijulikane.

Pili, andikeni tarehe ya kulazwa, ya upasuaji, ya kuruhusiwa, na siku homa au usaha ulipoanza. Andikeni pia wodi, majina ya wahudumu, na kila lililoonekana kwa macho, kama vile kidonda kukaa siku kadhaa bila kusafishwa.

Tatu, tunzeni barua ya rufaa, karatasi ya ruhusa, majibu ya vipimo na stakabadhi zote. Nauli ya boti aghalabu haina stakabadhi. Andikeni siku, kiasi na jina la nahodha. Andikeni pia siku za kazi zilizopotea, kwani kipato kilichokosekana ni sehemu ya dai.

Nne, mwombeni Mganga Mfawidhi, kwa maandishi, nakala ya kumbukumbu za matibabu. Bakini na nakala ya barua yenu iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Malalamiko huanzia kwa Mganga Mfawidhi huyo huyo, na kwa vituo vya Halmashauri huweza kufikishwa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Mwenendo wa daktari huchunguzwa na Baraza la Madaktari Tanganyika; wa muuguzi au mkunga, na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Ieleweke kwamba kazi ya mabaraza haya ni nidhamu ya wanataaluma. Fidia hupatikana kwa mapatano na hospitali au kwa hukumu ya mahakama. Mkipewa karatasi ya mapatano, msitie saini wala dole gumba kabla ya kusomewa na kuelewa kila neno.

Muda nao haumsubiri mtu. Sheria ya Ukomo wa Muda imeweka miaka 3 kwa madai ya madhara yatokanayo na uzembe, na yapo madai mengine ambayo muda wake ni mwaka 1 tu. Ikiwa hospitali ni ya umma, mdai lazima kwanza atoe notisi ya siku 90 kwa mamlaka husika, na nakala apelekewe Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, utaratibu huo unazihusu pia Halmashauri, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe katika shauri. Wapo waliokuwa na dai la haki, likatupwa kwa sababu hatua hii ilirukwa.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Ulizeni habari zao katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya Halmashauri.

Hatukuja kuwagombanisha na waganga wenu, ambao wengi hufanya kazi katika mazingira magumu. Lakini dai lililoandaliwa vizuri humfariji aliyeumia, na huikumbusha hospitali kuosha mikono kabla ya kumgusa mgonjwa anayefuata.