Helikopta Inashikwa na Nini Huko Juu?

Leo tunajibu swali la mama mmoja hapa Rubavu: "Helikopta haina mabawa kama ndege. Sasa inashikwa na nini huko juu?"

Mama, waangalie wavuvi wa sambaza Ziwa Kivu. Kasia linasukuma maji nyuma, mtumbwi unakwenda mbele. Mapanga marefu ya helikopta yamelazwa mshazari kidogo. Yakizunguka yanasukuma hewa chini, na mashine inapanda. Ndiyo maana ikitua shitingi zinang'oka na vumbi linajaa machoni. Tena huku kwetu ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo helikopta ileile inabeba mzigo mdogo kuliko ingebeba Mombasa. Wakisema magunia mengine yamebaki, si lazima kuna mtu ameyala.

Shida ni moja: mapanga yakizungushwa upande huu, mwili wa helikopta unataka kuzunguka upande ule. Pangaboi dogo la mkiani linauzuia. Mpango huo wa panga moja kubwa juu na dogo mkiani ulienezwa na Igor Sikorsky, mzaliwa wa Kyiv. Aliyakimbia mapinduzi ya Urusi, akafika Marekani 1919 karibu mikono mitupu, akapata riziki kwa kufundisha hesabu wakimbizi wenzake. Ndiyo, mkimbizi kama sisi. Wafaransa na Wajerumani walishapaisha helikopta kabla yake, lakini ile aliyoirusha tarehe 14 Septemba 1939, imefungwa kamba isiponyoke, ndiyo inayofanana na nyingi za leo.

Sasa wazazi, sikieni vizuri. Pangaboi la mkiani likizunguka halionekani kabisa, na liko chini, linaweza kumfikia mtu. Watoto wanapenda kukimbilia helikopta ikitua. Washikeni mbali mpaka mapanga yote yasimame. Nyuma hapapitwi kamwe. Ukiitwa kumbeba mgonjwa, ngoja ishara ya rubani, pita mbele anakokuona, inama, kofia na kitenge mkononi. Na hapa penye milima, usiijie ukitoka upande wa juu wa mteremko, maana huko mapanga yanakuwa karibu na kichwa chako.

Wengi wetu sauti ile inatukumbusha vita. Mtoto wako akishtuka usiku, mkumbatie, kisha mweleze habari ya kasia.