Kutu na Baruti ni Ndugu

(Maneno tuliyowaambia wakulima wa Kabuchai)

Leo tuzungumze juu ya jembe lenye kutu, baruti na mbolea. Mtauliza, vitu hivi vinahusiana vipi? Vinahusiana kwa oksijeni, ile hewa tunayovuta.

Jembe likiachwa kwenye umande, chuma hushikana na oksijeni kwa msaada wa maji, ndiyo kutu hiyo. Wahunzi wa zamani waliigeuza kazi hii. Mawe ya chuma ni chuma kilichoshikana na oksijeni, kama kutu. Waliyatia tanuruni pamoja na makaa. Makaa yakanyang'anya oksijeni, chuma kikabaki.

Baruti nyeusi nayo ni makaa yanayonyang'anya oksijeni, lakini kwa haraka sana. Katika sehemu 100, 75 ni shura, 15 makaa na 10 salfa. Shura ndiyo ghala la oksijeni, kwa hiyo baruti haingoji hewa. Kutu huchukua miezi. Baruti, kufumba na kufumbua. Tena masizi yake huvuta unyevu, na mtutu usipooshwa huota kutu. Wazee waliozingirwa Lumboka na Chetambe mwaka 1895 waliijua bunduki kwa uchungu.

Sasa tuje nyumbani. Ile CAN tunayotia mahindi ina nitreti, na shura pia ni nitreti. CAN imechanganywa na chokaa, hivyo si rahisi kulipuka. Lakini nitreti ya amonia isiyochanganywa ina nguvu ya kutisha. Tarehe 4 Agosti 2020 tani kama 2,750 zilizowekwa ghalani bandarini Beirut, Lebanoni, zilishika moto zikalipuka. Watu zaidi ya 200 walikufa. Basi tusizoee mbolea mpaka tukaidharau.

Tufanye hivi:

1. Magunia tuyaweke juu ya mbao, mahali pakavu, yasiguse ukuta wala mabati. CAN huvuta maji, na maji yake yenye chumvi hula mabati, misumari na pampu.

2. Tusiweke mbolea pamoja na mafuta ya taa, dizeli, makaa, salfa au nyasi kavu. Hivyo ndivyo vinavyotafuta oksijeni.

3. Tusiiweke jikoni wala chumba cha kulala. Ikipata moto hutoa moshi wa sumu.

4. Stoo ikiwaka, kwanza watoe watu, waende mbali, upande upepo unakotoka. Kumwagia mbolea mchanga hakusaidii, kwa sababu ina oksijeni yake ndani. Kinachofaa ni maji mengi, tena kutoka mbali. Moto ukishakuwa mkubwa, acheni stoo iungue. Gunia hununuliwa tena, mtu hanunuliwi.

5. Baada ya kutia mbolea, debe na jembe vioshwe, vikaushwe, vipakwe mafuta kidogo.

Leo jioni kila mmoja akafungue stoo yake aangalie: je, mtungi wa mafuta ya taa umesimama wapi? Kama uko karibu na gunia, uhamisheni kabla hamjalala.