Fungu la Mwanadamu Chini ya Jua



Jubilei ya miaka 100 hulirudisha swali la Kitabu cha Mhubiri: mwanadamu akiisha kutaabika, hubakiwa na nini? Swali hilo lina mahali pake Unguja. Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, palikuwa na soko la watumwa hadi Juni 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kukomesha biashara hiyo. Siku ya Krismasi ya mwaka huo likawekwa hapo jiwe la msingi la kanisa la Waanglikana. Edward Steere, aliyesimamia ujenzi wake akiwa Askofu, ndiye pia aliyefanya kazi kubwa ya kuyaleta Maandiko katika Kiswahili cha Unguja. Alifariki mwaka 1882, akazikwa katika kanisa hilo.

Neno ambalo Biblia ya Kiswahili huliita ubatili, kwa Kiebrania ni heveli, maana yake pumzi au mvuke. Ndilo neno la jina la Habili, aliyeuawa na ndugu yake. Basi Mhubiri hasemi kwamba maisha hayana thamani. Asema kwamba hayashikiki. Ni kama moshi wa udi: hunukia nyumba nzima, wala hakuna awezaye kuufungia sandukuni.

Mhubiri akiri pia kwamba mwenye haki na mwovu huishia pamoja, na kwamba mtu haijui saa yake, kama samaki asivyoujua wavu. Watu wa visiwani wayajua haya. Alfajiri ya 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, na mamia ya watu wakapotea. Katika misiba ya namna hiyo, Wakristo kwa Waislamu husema: ni kudura ya Mwenyezi Mungu. Neno hilo ni kweli linapomshika mkono mfiwa. Lakini meli ile ilikuwa imepakia watu kupita kiasi chake. Kuita kudura jambo lililotendwa na mkono wa mwanadamu ni kumsingizia Mungu.

Mhubiri hakufanya hivyo. Aliyatazama machozi ya wanaoonewa, akaona kwamba nguvu zilikuwa upande wa waonevu, na kwamba wenye kulia hawakuwa na mfariji. Hakusema kwamba waliandikiwa. Hata leo pale Mkunazini, watu watano waliochongwa na Clara Sörnäs mwaka 1998 wamesimama shimoni, minyororo shingoni, wakishuhudia jambo hilo hilo.

Na la ajabu ni kwamba yeye aliyeyaona machozi hayo ndiye anayeagiza furaha: chakula kiliwe kwa moyo mkunjufu, mavazi yawe meupe, kichwa kipakwe mafuta, mume akae kwa raha na mke ampendaye. Jumuiya nyingi za Wayahudi hukisoma kitabu hiki katika Sikukuu ya Vibanda, sikukuu ya shangwe ya mavuno. Naye Martin Luther, akikifundisha huko Wittenberg mwaka 1526, alieleza kwamba Mhubiri havilaumu viumbe vya Mungu, bali moyo usiotosheka na kilichopo. Furaha ni fungu, na kila mtu amewekewa lake. Mfanyabiashara wa soko la watumwa naye alikula na kunywa. Lakini mezani pake palikuwa na fungu la wengine.

Je, kusudi la maisha ni furaha peke yake? Mhubiri ahitimisha kwa kumcha Mungu, kuzishika amri zake, na kukumbuka hukumu. Na katikati aweka kazi: lililo mkononi lifanywe kwa nguvu zote. Johann Ludwig Krapf, mtoto wa Walutheri wa Württemberg, alishuka Unguja Januari 1844, akapewa na Sayyid Said barua ya kumtambulisha. Juni mwaka huo, huko Mombasa, alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo akisaidiwa na kadhi Mwislamu. Julai akamzika mkewe Rosine na binti yao mchanga. Hakuna maelezo yanayotosha kwa makaburi yale mawili. Lakini kazi haikuachwa, na Neno linalosomwa leo kwa Kiswahili lilipitia katika majonzi yale.

Wapendwa washarika, wengi waliobeba mawe ya mwanzo wa usharika huu wamekwisha kupita kama mvuke. Sherehe hii ni halali, na pilau iliyopikwa iliwe kwa shukrani. Ila kabla sahani hazijaondolewa, kila nyumba na iulize: ni nani jirani ambaye fungu lake halijamfikia, na ni machozi ya nani yaliyopewa jina la kudura ili yasifutwe?

Mungu aibariki karne inayoanza. Amina.